Ujuzi: Hakuna

Wiki iliyopita nilirudisha kishikwambi, mkoba, koti la mvua na kitambulisho chenye picha yangu ya miaka ile nina meno yote. Mtunza stoo alivikagua kimoja kimoja, akaniuliza kama kuna kitu kingine cha ofisi nimebaki nacho. Nikamwambia nimebaki na magoti mabovu. Akaangalia karatasi yake, akasema hayamo kwenye orodha.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwanaidi, mdadisi. Kazi yangu ilikuwa kubeba madodoso nyumba kwa nyumba na kuwauliza watu maisha yao, tangu enzi za penseli hadi enzi hizi za kugusa kioo. Ninyi mnaoanza mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Nimekubali, ingawa shule niliiacha darasa la tano. Hakuna kisa kikubwa cha kuacha kwangu. Nilichoka tu kukaa sehemu moja nikitazama ubao uleule, wakati nje magari yalikuwa yanakwenda mahali. Nitaanza mwanzo, lakini mjue mapema ninakokwenda. Kati ya madodoso yote niliyojaza, lipo moja nililolijaza kwa kufuata kila kanuni, na kwa kufanya hivyo nikamkosesha mama mmoja wa upande wa Haneti kazi ambayo ilikuwa yake.

Nilitoka milimani Kondoa nikiwa binti, nikafuatana na shangazi yangu hadi Kibaigwa kwenye soko la mahindi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuokoteza punje zilizomwagika chini ya malori na kuzipepeta. Baadaye nikapewa sindano ya gunia na uzi wa katani, nikawa nashona midomo ya magunia. Sindano ile ni ndefu kama kidole cha kati na haina adabu. Mpaka leo nina kovu kwenye kiganja. Ukishona gunia siku nzima mikono inafanya kazi na kichwa kinabaki bure, nami kichwa kikibaki bure kinauliza maswali.

Nilianza na wapakiaji. Alikuwepo mmoja aitwaye Hamisi, Mrangi mwenzangu. Kwao alikuwa fundi wa kusuka vihenge vya nafaka, vile ambavyo panya akivizunguka anakata tamaa. Nilimuuliza kwa nini Kibaigwa anabeba magunia badala ya kusuka.

"Hapa mahindi hayalali, dada," akasema. "Yanakuja asubuhi, jioni yako njiani kwenda Dar. Nani ataweka kihenge?"

"Kwa hiyo ujuzi wako umekwenda wapi?"

"Nimeuacha nyumbani na mke wangu. Hapa wamenunua bega tu."

Sikulisahau neno lile. Mtu huyuhuyu, kwao anaitwa fundi, hapa anaitwa bega. Nikaanza kuwaangalia wote kwa jicho hilo. Aliyejua kutibu mbuzi alikuwa anapiga debe. Aliyemaliza kidato cha nne alikuwa anaandika namba za malori, na huyo kwa wingi wake wa shule alikuwa anapata kidogo kuliko dalali asiyejua kusoma, kwa sababu dalali alimjua mkulima gani ana shida wiki hii. Kila mahali pananunua kipande kimoja cha mtu na kurudisha kilichobaki.

Siku moja akaja pale sokoni mhadhiri kutoka chuo kule Chimwaga, Daktari Neema, mwanamke mrefu mwenye viatu visivyofaa kwa vumbi letu. Alikuwa anawauliza wapakiaji wamesoma miaka mingapi na wanapata nini. Alipofika kwangu akauliza, "Dada, umesoma mpaka wapi?" Nikamjibu, halafu nikamuuliza yeye: "Na wewe ungeletwa hapa ukapewa sindano hii, shule yako ingekuwa na bei gani?" Shangazi alinifinya. Daktari Neema hakukasirika. Alifunga daftari akacheka mpaka akashika lori. Kisha akaniuliza ninajua lugha ngapi. Nikamtajia Kirangi cha mama yangu, Kiswahili, Kigogo nilichookota sokoni, na Kisandawe cha kuombea maji. Wiki iliyofuata nilikuwa Chimwaga nikinywa chai ya ofisi.

Hapo nilipata somo langu la kwanza kuhusu bei ya mtu. Kirangi, ambacho kwetu hata mbuzi wanakielewa, Chimwaga kililipwa posho. Walikuwepo wasaidizi wenye shahada waliotoka Pwani na Kanda ya Ziwa, wakinipita kwa kila kitu, lakini wakifika kijijini walikaa kimya kama wageni msibani mpaka nifungue mdomo. Sikuwa nimejifunza neno jipya hata moja tangu nilipokuwa nashona magunia. Nilikuwa nimepanda gari tu.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Issa, msimamizi wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Kondoa. Alikuwa na kofia moja na msimamo mmoja: dodoso chafu ni uongo. Alinifundisha kuchonga penseli pande zote mbili, ili ikivunjika usiombe kisu kwa mtu unayemhoji. Alinifundisha kutosimama mlangoni na karatasi mkononi. Karatasi inakaa mkobani mpaka salamu ziishe, na kijijini salamu haziishi haraka. Ukipewa togwa, unakunywa. Ukipewa kigoda, unakaa, hata kama kina mguu mmoja mfupi. Mtu akitaja mtoto aliyefariki, usifungue ukurasa unaofuata mpaka yeye mwenyewe akunje au akunjue kanga yake. Haya hayamo kwenye mwongozo wenu. Yawekeni.

Kanuni kuu ya mwongozo ilikuwa hii, na Daktari Neema aliirudia kila asubuhi: "Andika alichosema, siyo unachodhani." Ni kanuni nzuri. Bila hiyo kila mdadisi angeandika riwaya.

Ilipofika kazi kubwa, ile ya kulinganisha maarifa ya watu yana thamani gani mahali hadi mahali, nilikuwa nimeshajiona mzoefu. Maswali yalikuwa yaleyale Kondoa, Kibaigwa, Haneti na Dodoma mjini. Mlionitangulia kwa shule mtasema ndiyo njia ya kisayansi, nami sibishi. Ila watu hawakuwa walewale.

Kondoa nilimhoji mfanyabiashara mmoja dukani kwake. Nikamuuliza kama ana ujuzi wowote. "Andika," akasema huku akinihesabia kwa vidole. "Fundi cherehani. Fundi baiskeli. Daktari wa kuku. Na udereva kidogo."

"Leseni unayo?"

"Nimesema kidogo."

Nikaandika vyote vinne. Dodoma mjini nilimhoji kijana mwenye shahada aliyekuwa anakaanga chipsi nje ya hosteli. Miaka ya shule ilijaa kisanduku. Kwenye kazi akaniambia niandike "hakuna", kwa sababu chipsi ni za kusubiria. Nikamwambia amezisubiria miaka mitatu. Akasema bado ni za kusubiria. Nikaandika.

Upande wa Haneti mambo yalikuwa kinyume. Kule walikuwa wameshatembelewa na watu wengi wenye mafaili, na faili halijawahi kwenda kijijini kupeleka kitu. Linakwenda kuchukua michango. Mzee mmoja aliniambia bila kuficha, "Karatasi ikija, ng'ombe hupungua." Kumbe haikuwa ng'ombe tu. Ujuzi nao ulikuwa unapungua. Mtu anayekiri kwamba anajua kitu ni mtu wa kwanza kuitwa kwenye kazi ya bure. Zaidi ya hapo, ilikuwa aibu mtu kujisifu mbele ya mgeni. Sifa yako inasemwa na jirani.

Mama Dorika nilimkuta nje ya nyumba yake akipepeta uwele. Alikuwa mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, mwenye mikono midogo kuliko mwili wake. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha nikaongeza shikamoo, kwa sababu mvi zilidai. Akaitikia zote mbili, akanipa kigoda.

"Karatasi hii inaleta kazi?" aliniuliza nilipoitoa.

"Hatuahidi kitu, mama. Tunauliza tu."

"Nauliza kwa sababu ukame ulimaliza ng'ombe wangu, na mwakani mjukuu wangu anaingia sekondari ya bweni. Kama kuna kazi ya hapahapa nyumbani, naitaka."

Nikamwambia tena kwamba hatuahidi kitu. Hiyo nayo ilikuwa kanuni.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Mimi? Sina kazi. Nakaa tu."

Nikaandika. Tukaendelea taratibu. Tulikuwa tumefika swali la kumi na tatu alipoingia uani mwanamume anahema. "Mama Dorika, ng'ombe wa Malogo amelala tangu alfajiri. Umetoka mguu mmoja wa ndama tu, basi."

"Wa mbele au wa nyuma?"

"Wa mbele, nadhani."

"Unadhani! Umezaliwa zizini na bado unadhani." Akanigeukia. "Nisubiri, mwanangu. Nakuja."

Kwa mujibu wa mwongozo niliandika saa ambayo mahojiano yalisimama. Kisha udadisi ukanishinda, nikamfuata.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho yamemtoka. Mama Dorika alivua bangili, akapaka mafuta ya alizeti mpaka begani, akalala chini kwenye samadi na kuingiza mkono. Akafumba macho. Wanaume sita walikuwa wamesimama pale na hakuna aliyefungua mdomo. "Amekunja shingo," alisema baada ya muda, kama mtu anayesoma barua. "Mguu wa pili ameukalia." Akamsukuma ndama nyuma, kinyume na kila mtu anavyotamani kufanya, akamsubiri ng'ombe apumzike, akageuza, akafunga miguu miwili kwa kipande cha kanga. "Akisukuma, tunavuta. Akinyamaza, tunanyamaza. Malogo, usivute kama unang'oa kisiki!" Ndama akatoka amelegea. Mama Dorika akamchokonoa pua kwa bua la nyasi mpaka akapiga chafya. Wanaume ndipo wakaanza kuongea, wote kwa pamoja, kila mmoja akieleza alichokuwa anakijua tangu mwanzo.

Malipo yake yalikuwa maziwa ya ng'ombe yule pindi ndama atakapokwisha kushiba. Tukarudi nyumbani kwake. Nilimmiminia maji kwa kata akanawa mkono ule mpaka begani. Kisha nikakaa kwenye kigoda, nikafungua nilipoishia, nikauliza swali la kumi na nne: je, una ujuzi wowote unaoweza kukuletea kipato?

"Sina, mwanangu," akasema huku anajifuta. "Shule sikusoma."

Nikaandika: Ujuzi, hakuna.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kalamu haikukwama. Ningeweza kusema ni kanuni, na kweli kanuni ilikuwepo. Lakini mimi mwenyewe, niliyepita Kibaigwa nikihesabu mabega ya watu, nilikuwa nimeshakaa Chimwaga vya kutosha kuamini kwamba ujuzi ni kitu chenye karatasi. Nilichokiona zizini nilikipenda, nilikisimulia jioni ile wakati wa chakula wenzangu wakashangaa. Ila haikunijia hata mara moja kwamba ndicho swali lilikuwa linakitafuta. Mwalimu Issa alipitia dodoso langu akalisaini. Lilikuwa safi.

Mwaka uliofuata tuliitwa Chimwaga kuonyeshwa matokeo. Ukutani palikuwa na ramani ya mkoa yenye rangi. Mjini palikuwa pamekolea, Kondoa pamekolea kiasi, Kibaigwa vilevile. Upande wa Haneti ulikuwa umepauka kama kitambaa kilichofuliwa sana. Mtaalamu mmoja mgeni alieleza kwamba eneo lile lina upungufu wa maarifa yenye thamani ya kiuchumi. Nikaona vijiji nilivyotembea kwa miguu yangu, nikatambua kwamba ule weupe ni mwandiko wangu.

Halafu akaendelea. Shirika moja lilikuwa limeomba matokeo yale ili kuchagua wahudumu wa mifugo wa vijijini. Mhudumu angepewa mafunzo mafupi, mkoba wa vifaa na posho ya kila mwezi, akae kijijini kwake. Wangechukuliwa wale ambao madodoso yao yanaonyesha ujuzi wa mifugo. Kijiji cha Mama Dorika kilipata nafasi moja. Aliyechaguliwa alikuwa mtu mwenye cheti cha kidato cha nne, ambaye alijibu "ufugaji" kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya. Baada ya mafunzo alifungua duka la dawa za mifugo barabarani, ambako wateja ni wengi na samadi hakuna.

Nilimfuata Daktari Neema ofisini kwake, nikamweleza yote, mpaka kata ya maji.

"Kwa nini hukuandika pembeni, Mwanaidi? Palikuwa na nafasi ya maoni."

"Niliandika kwamba mahojiano yalisimama kwa saa moja na robo."

Akafunga macho. "Orodha imeshakwenda," akasema. "Mafunzo yameanza. Nitawaandikia waongeze mtu." Aliwaandikia, wakajibu kwamba kijiji kimeshapata wake. Lakini siku ile alisema kitu ambacho kilinifanya niendelee kumheshimu. "Kosa si lako peke yako. Swali nililitunga mimi, nimekaa kwenye kiti hiki."

Mwalimu Issa hakunifariji. Alinipeleka nje tukakaa kwenye ngazi, akavua kofia yake. "Tumekosa wote watatu," akasema. "Kuanzia leo hatumuulizi mtu anajua nini. Tunamuuliza jana, tangu alipoamka, alifanya nini na nani alimwita. Halafu tunamuuliza jirani yake." Mengi mnayoyafanya leo kwenye kile kipengele cha "siku ya jana" yalitoka kwenye ngazi zile. Mkiona kinachukua muda mrefu, ndiyo sababu.

Kwenda kumwambia Mama Dorika ilibidi niende mwenyewe, bila gari la ofisi. Nilimkuta anatwanga. Nilimweleza kuhusu nafasi ile, namna ilivyogawiwa, na neno nililoliandika mimi. Aliendelea kutwanga mpaka nikamaliza, kisha akaegemeza mchi ukutani.

"Ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo, mama."

"Maji ya kunawa ulinimiminia wewe."

"Ni mimi."

"Na mimi nikakuambia sina ujuzi. Ungetaka nisemeje? Nikae hapa nijitangaze kama muuza dawa ya meno? Nilijua umeona. Nikasema huyu mtoto ana macho, atajua la kuandika."

Hakunifukuza, alinipa togwa. Lakini alipokuwa ananipa alisema, bila hasira, "Mwezi ujao bweni linafunguliwa." Nikajua siwezi kuondoka hivihivi.

Nilikuwa namfahamu Bwana Mushi, afisa mstaafu aliyehamia Dodoma na serikali, akajenga pembezoni mwa mji, upande wa Ihumwa, na kufuga ng'ombe chotara wa maziwa. Nilimhoji mara mbili. Ng'ombe wale ni wakubwa na ndama wao wana vichwa vikubwa, kuzaa kwao ni vita. Alikuwa amepoteza mmoja pamoja na ndama wake wakati mganga wa mifugo yuko njiani. Nikampigia simu, nikamwambia namfahamu mtu.

"Ana cheti?"

"Ana mkono."

"Bi Mwanaidi, ng'ombe wangu mmoja ana thamani ya nyumba."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Mama Dorika alikuja na kifurushi kimoja. Siku ya pili ng'ombe mmoja akashikwa na uchungu, ndama amekuja kinyume. Ilikuwa kazi ileile niliyoiona zizini kwa Malogo, mafuta yaleyale, macho yaleyale yamefumbwa. Tofauti ilikuwa sakafu ya saruji, na mwenye ng'ombe aliyekuwa analia waziwazi. Ndama alipopiga chafya, Bwana Mushi alimuuliza Mama Dorika anataka nini ili akae. Yeye akauliza kwanza bei ya ng'ombe. Alipotajiwa alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. "Kumbe miaka yote mkono wangu ulikuwa unaishia kwa ng'ombe wa bei rahisi!" akasema.

Alipata mshahara mzuri, na mjukuu akaenda bweni. Nami nikalala vizuri kwa muda, nikidhani nimerekebisha. Sikufikiri kwamba nilichofanya ni kukiondolea kijiji kile mkono wake pekee. Nafasi ile niliyomkosesha ingemlipa akiwa kwao. Nilichompa kilimlipa kwa sharti la kuondoka.

Mzunguko wangu wa mwisho, kabla ya kurudisha kishikwambi, ulinipitisha kwa Bwana Mushi, mvua zikiwa bado hazijaanza. Nilimkuta Mama Dorika bandani. Kabla hatujamaliza salamu simu yake ikaita. Alikuwa Malogo, na sauti yake ilisikika mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Mama, huyu amelala tangu jana. Mkwe wangu ameingiza mkono, hajui anagusa nini."

"Mpe simu. Au iweke sikioni kwake, mkono asiutoe." Akasogea kwenye mwanga. "Unagusa kitu kigumu? Kina meno? Basi hicho ni kichwa. Shuka. Shuka taratibu, huchimbi viazi wewe! Umepata goti? Linakunjika kuelekea wapi?" Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, umenyooka mbele yake, vidole vinafunguka na kujikunja, vinamgeuza ndama aliyekuwa mbali kiasi kwamba basi la kwenda kule huondoka asubuhi tu. "Msukume nyuma. Nyuma nimesema! Akisukuma usishindane naye." Jasho lilikuwa linamtoka. "Haya. Sasa shingo. Umeipata?"

Kule palikuwa na kelele, kisha ukimya, kisha Malogo akachukua simu.

"Ng'ombe mzima," akasema. "Ndama hapana."

"Mkono wake mkubwa," Mama Dorika akasema.

"Ni wa tatu mwaka huu, mama. Na mvua hazijaanza. Wengi wanazaa mvua zikianza."

"Najua wanazaa lini."

Alikata simu. Bwana Mushi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, sijui tangu saa ngapi. Akasema kwa upole, maana si mtu mkali, kwamba anasikitika, na kwamba Malkia, ng'ombe wake bora, atazaa wiki ijayo.

"Malkia amebeba vizuri, hatanihitaji," Mama Dorika akamjibu. "Akishazaa nakwenda nyumbani. Nitakaa mvua zote, zikikatika nitarudi. Wako ukiwapandisha kwa mpango watazaa kiangazi nikiwa hapa. Wale wa kule hakuna wa kuwapangia."

"Mvua zote? Mama, nitakuongeza mshahara."

"Usiniongeze. Kwanza kule hawatanilipa kitu."

"Sasa mbona unakwenda?"

"Zamani nilikuwa nawafanyia bure kwa sababu sikujua bei yangu. Sasa naijua. Nataka niwafanyie bure nikiwa naijua."

Bwana Mushi akavuta pumzi. "Ukiondoka itabidi nitafute mwingine."

"Tafuta."

Ndipo Bwana Mushi akanigeukia mimi, mwenye kishikwambi begani, mtu aliyezunguka mkoa mzima tangu Kondoa hadi Kibaigwa akiuliza watu wanajua nini. "Bi Mwanaidi," akasema, "wewe ndiye mwenye orodha. Huko Haneti hakuna mwingine kama huyu?"

Nikamwambia, "Bwana Mushi, kwenye karatasi zangu hata huyu hayupo."

Akamwangalia Mama Dorika, akaniangalia mimi. Kisha akauliza mvua za Haneti huanza lini na hukatika lini.